Tembo wa Thailand: Shujaa wa vita aliyebaki bila kazi

Masimulizi ya kifalme ya Thailand yanaeleza kuwa mwaka 1593, huko Nong Sarai, Mfalme Naresuan wa Ayutthaya, ufalme wa Thailand ya wakati huo, alipambana na mrithi wa kiti cha Burma, kila mmoja juu ya tembo wake, akamuua. Miaka thelathini hivi kabla ya hapo, Burma ilikuwa imeidai Ayutthaya tembo weupe. Burma iliponyimwa, vita vikazuka. Tembo mweupe alikuwa mali ya mfalme na alama ya utawala wenye baraka, na nchi ilipokuwa bado ikiitwa Siam, picha yake ilipamba bendera ya taifa.

Lakini aliyeishi na tembo kila siku hakuwa mfalme. Katika mkoa wa Surin, watu wa kabila la Kui walikamata tembo mwituni kwa kamba ndefu ya ngozi ya nyati iitwayo pakam. Kabla ya safari waliitolea sadaka na kuwaomba radhi wazee waliotangulia. Mpaka leo kamba hizo huhifadhiwa kwenye vibanda vya ibada, ingawa uwindaji huo ulikoma zamani. Mlezi hukaa shingoni mwa tembo, akimwongoza kwa sauti na kwa kumgusa nyuma ya masikio kwa vidole vya miguu.

Kaskazini, tembo aligeuka mfanyakazi. Kuanzia karne ya 19, kampuni za mbao, zikiwemo za Waingereza, zilimtumia kuvuta magogo ya mitiki kutoka milimani hadi mitoni, yakaelea kuelekea Bangkok.

Novemba 1988 mafuriko na maporomoko ya udongo, yaliyobeba magogo, yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku uvunaji wa mbao katika misitu ya asili. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila ulimwacha tembo na mlezi wake bila riziki. Mnyama huyu hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku. Tembo wengine wakaishia kuzungushwa mitaani Bangkok, wapita njia wakinunua ndizi na miwa ili wawalishe. Wengi wakapelekwa kwenye kambi za watalii. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga mipaka, kambi zikakosa fedha, na walezi wakatembea na tembo wao kurudi vijijini.

Tangu 1998, Machi 13 ni Siku ya Tembo nchini humo. Hata hivyo, wakati tembo wa porini analindwa na sheria ya wanyamapori, wa kufugwa bado yuko chini ya sheria ya 1939 ya wanyama wa kazi, pamoja na ng'ombe na nyati. Hiyo si haki. Thailand inapaswa kumtungia sheria inayomlinda yeye pamoja na mlezi wake. Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Chiang Mai, kaskazini mwa nchi hiyo, chagua kambi ambayo tembo hapandwi wala hachezeshwi.