Fidia ya Caernarvon

Katika miaka yangu 31 ya uthamini nimehesabu minazi, mikorosho, mabanda ya kuku na makaburi. Swali lililonishinda aliniuliza mama mmoja wa pwani, siku tulipokuwa tukiandika mali za watu waliotakiwa kuhama: "Mwanangu, nyumba umeiandika. Na pale ninapookota chaza utapaandika wapi?" Fomu yangu haikuwa na nafasi ya mahali pale. Tangu siku hiyo, kila nisomapo habari za tuta la Caernarvon lililolipuliwa Marekani, huwaona wategaji wanyama wa wilaya ya St. Bernard kama watu ninaowafahamu.

Aprili 1927 Mto Mississippi, kule Marekani, ulifurika vibaya. Tarehe 21 tuta la Mounds Landing, mbali kaskazini, lilipasuka. New Orleans ilikuwa imekwisha kuonja maji wiki iliyotangulia, Ijumaa Kuu, mvua ya inchi kama 15 ilipoijaza mitaa. Ile ilikuwa mvua, si mto, lakini wenye benki walihofia watu wasije wakatoa fedha zao na mji ukafilisika. Wakaomba tuta la Caernarvon, maili 13 chini ya mji, lilipuliwe, ili maji yakimbilie baharini kupitia wilaya za St. Bernard na Plaquemines. Gavana Oramel Simpson aliridhia. Vigogo wa New Orleans wakaahidi kwa maandishi kwamba hasara italipwa.

Watu wapatao 10,000 walipewa siku chache tu kuondoka. Wengi walikuwa wategaji na wavuvi; baadhi yao kizazi cha watu walioletwa kutoka visiwa vya Kanari karne ya 18. Walitega maskrati, mnyama mdogo wa majini anayefanana na panya, na ngozi zake zilikuwa na soko zuri miaka ile. Ng'ombe wakaswagwa, vyombo vikapakiwa kwenye malori. Tarehe 29 baruti ikaanza kulipuliwa, na wenye vibali wakaja kutazama. Tuta liligoma. Kazi ilichukua siku kama kumi na tani 39 za baruti.

Nami hapa ndipo roho inaponiuma. Mara baada ya mlipuko wa kwanza, matuta ya juu zaidi mtoni yalibomoka yenyewe na maji yakatawanyika huko. Mji ungepona bila ya kumzamisha mtu.

Ukafika wakati wa kulipa. Madai yalifika dola milioni 35. Kilichokubaliwa hakikufika milioni 4. Katika hicho vigogo wakakata gharama za kuwalisha na kuwalaza wahamishwaji. Nalirudia hili kwa sababu mimi ni mthamini: mtu alitolewa kwake kwa amri, akalazwa kwenye ghala mjini, kisha sahani yake ya chakula ikahesabiwa kuwa sehemu ya fidia. Sheria yetu ya Ardhi, ya Tanzania, ya mwaka 1999 inataja posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, ziongezwe juu ya thamani ya mali. Kule gharama za namna hiyo zilikatwa humo humo. Kampuni kubwa zikachukua fungu nono, na mtu wa kawaida aliyebahatika kulipwa akapata wastani wa kama dola 284. Wengine hawakupata hata senti. Kinamasi walimotega hakikuwa chao kwa hati, na maskrati walioangamia hakuna aliyekuwa amewahesabu wakiwa hai.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mafuriko. Serikali kuu ikabeba mzigo wa matuta, lakini kifungu cha 3 kikaikinga isidaiwe hasara yoyote ya mafuriko. Ikajenga pia mlango wa maji wa Bonnet Carré, juu ya New Orleans, ukakamilika mwaka 1931. Ardhi ya kupitishia maji ilichukuliwa mapema, mafuriko yakiwa bado hayajaja. Mto ulipojaa tena mwaka 1937, mbao za mlango zilivutwa juu moja moja, maji yakaenda kwenye ziwa la jirani, na St. Bernard wakabaki na tuta lao.