Simba wa Msumeno: Habari za Ukoo wa Peugeot

Wazee wetu waliosafiri katika barabara za Kenya miaka ya 1960 na 1970 hawajalisahau gari la Peugeot. Lilikuwa gari la mwalimu mkuu, la daktari na la mfanyabiashara. Na lilipozeeka liligeuzwa gari la abiria, likawapakia watu na mizigo yao na kuwafikisha vijijini. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilitwaa ushindi mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope yalikuwa makali hata yakafika mwisho magari 7 tu. Mbele ya gari hilo palikuwa na alama ya simba. Wengi walidhani kwamba simba huyo aliwekwa kwa ajili ya mbio na nguvu za gari. Sivyo. Simba huyo ni mkubwa kwa umri kuliko gari lenyewe, na kwanza alikuwa alama ya msumeno.

Habari hizi zaanza mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, katika kijiji cha Hérimoncourt. Ukoo wa Peugeot ulikuwa na kinu cha kusagia nafaka, kilichoendeshwa kwa nguvu za maji. Mwaka 1810 ndugu wawili wa ukoo huo, Jean-Pierre na Jean-Frédéric, walikigeuza kinu hicho kuwa kiwanda cha chuma. Hawakuutupa urithi wao. Waliutafutia kazi mpya. Maji yaliyokuwa yakisaga unga sasa yalitumika kufua chuma.

Bidhaa iliyowapatia sifa ni bapa la msumeno. Bapa hilo lataka chuma cha namna ya peke yake: kigumu, ili meno yasilike upesi, na tena chenye kupindika, ili lisivunjike mikononi mwa seremala. Basi, ajuaye kutengeneza ukanda mwembamba wa chuma cha pua ajua mengi. Kutokana na ujuzi huo ukoo ulitengeneza kamani za saa. Kuanzia mwaka 1840 ulitengeneza vinu vya kusagia kahawa nyumbani. Kisha wanawake wa Ulaya walianza kuvaa magauni mapana kama kengele, yaliyotanuliwa kwa vitanzi vya chuma vilivyofichwa ndani. Ukoo wa Peugeot ukatengeneza vitanzi hivyo pia. Mtindo ule ulipopita, vitanzi viliachwa, lakini ufundi haukuachwa. Mwaka 1874 kilitoka kisagio cha pilipili manga, na mwaka 1882 baiskeli. Mikono iliyozoea kunyoosha chuma chembamba kwa ajili ya magauni haikuona ugeni mkubwa katika spoki za gurudumu.

Na simba je? Wenye kiwanda walitaka alama ya kuitambulisha misumeno yao, wakachorewa simba, na mwaka 1858 alama hiyo iliandikishwa rasmi. Simba huyo alibeba sifa tatu: meno yake ni magumu kama meno ya msumeno, mgongo wake hupindika kama bapa lake, na hurukia windo lake upesi kama msumeno upitavyo katika mti.

Katika kizazi kilichofuata alikuwako Armand Peugeot, aliyezaliwa mwaka 1849. Ujana wake alikwenda Leeds, Uingereza, akajionea viwanda vya huko. Aliporudi, moyo wake ulikuwa katika vyombo vya kusafiria. Baiskeli zilikuwa mwanzo tu. Mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, alionyesha gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa mvuke. Baadaye aliuacha mvuke, akachukua injini ya petroli ya Daimler. Mwaka 1891 gari lake liliandamana na mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, na safari yake yote ilizidi kilomita 2,000. Siku zile watu wengi walikuwa hawajaona gari hata moja.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Eugène, aliyeongoza kazi pamoja na Armand, alikuwa mwana wa ndugu wa baba yake. Kwetu wangeitwa ndugu. Armand alitaka fedha za ukoo zitiwe katika magari. Eugène aliziogopa gharama hizo. Misumeno ilinunuliwa, baiskeli zilinunuliwa. Kwa nini kuhatarisha jasho la mababu? Tusimcheke Eugène. Wengi wa waundaji magari wa siku hizo walifilisika, na leo hata majina yao hayajulikani. Mwaka 1896 Armand alitoka, akaanzisha kampuni yake ya magari. Eugène akabaki na vyombo vya chuma na baiskeli.

Lakini wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wana wa Eugène nao walipenda magari, na mwaka 1906 magari yao madogo, yaliyoitwa Lion-Peugeot, yalikuwa yakiuzwa. Ikawa ukoo mmoja una kampuni mbili za magari. Armand hakuwa na mwana wa kumrithi, kwa kuwa mwanawe wa pekee alifariki mwaka ule ule wa 1896. Mwaka 1910 pande hizo mbili ziliungana tena. Miaka miwili baadaye kiwanda kilijengwa Sochaux, nacho kikawa makao makuu ya magari yao.

Hakuna ukoo unaotawala milele. Mwaka 2014, baada ya hasara kubwa, serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya Uchina zilinunua hisa, kila moja ikawa sawa na ukoo wenyewe. Mwaka 2021 kampuni iliingia katika muungano uitwao Stellantis. Hata hivyo visagio vya pilipili vyenye jina la Peugeot vingali vikiuzwa.

Ujuzi hauzeeki. Ukoo huu haukurukia biashara usiyoijua. Kila kitu kipya kilitokana na kile ambacho mikono ilikwisha kujifunza. Nawe, mwanafunzi, siku utakapopita penye karakana ya jua kali ukamwona fundi akiligeuza pipa kuukuu kuwa jiko, usiulize tu anauza nini. Uliza mikono yake inajua nini, na kesho itaweza kufanya nini.