Bara Iliyohamia Ngomeni

Historia ya Ngomeni husimuliwa kutoka baharini. Itatajwa merikebu ya karne ya 16 iliyozama karibu na Ras Ngomeni, kisha majukwaa ya San Marco ambako Waitaliano walianza kurusha setilaiti mwaka 1967, na setilaiti ya Uhuru iliyopaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikaenda kupima eksirei za nyota. Yote ni kweli, ila yametuzoesha kuiona pwani kama mahali pa wanaofika kwa maji, na bara kama nchi nyingine iliyo ng'ambo ya nyika. Ardhi yenyewe inaukataa mgawanyo huo. Ukipita ufuoni kati ya Mambrui na Ngomeni bahari ikiwa imekupwa, utaona michirizi myeusi juu ya mchanga. Wimbi linaporudi huzoa chembe nyepesi na kuziacha nzito: ilmenaiti, rutili, zirikoni. Hizo hazikuzaliwa na matumbawe. Zimeshushwa na Mto Sabaki kutoka miamba ya kale ya Tsavo na Ukambani, kisha msimu wa kusi mkondo ukazisukuma kaskazini. Zirikoni hubeba urani na thoriamu, na kwa maoni yangu elementi hizo nururifu ndizo hati kongwe kuliko zote za pwani hii.

Zimefikaje humo? Mwamba wa chini ya ganda la dunia unapoyeyuka kidogo, madini yake ya kawaida hayana nafasi ya kuzipokea atomi kubwa za urani na thoriamu, kwa hiyo hubaki kwenye uji wa moto. Uji ukipanda na kuanza kuganda, atomi hizo husubiri tena hadi mwisho, na kinachoganda mwisho ni graniti. Kazi hiyo imerudiwa kwa mabilioni ya miaka, hata leo tani moja ya ganda la juu la mabara ina wastani wa gramu 2.7 za urani na gramu 10.5 za thoriamu. Mwamba wa chini hauna hata sehemu ya mia ya kiasi hicho. Zirikoni nayo ina tabia ya kufaa sana: inapoumbika hupokea urani na kuikataa risasi. Risasi itakayokutwa ndani yake baadaye ni zao la urani iliyooza, na kwa kuwa nusu ya urani-238 huoza katika miaka bilioni 4.47, umri hupatikana kwa hesabu. Arthur Holmes, Mwingereza aliyechapisha umri wa miamba kwa njia ya urani na risasi mwaka 1911, alikwenda Msumbiji mwaka huohuo kutafuta madini. Madini ya maana hakuyapata, malaria aliipata. Lakini miaka 40 baadaye ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, miamba inayopita Tanzania hadi Taita na Ukambani, iliyopikwa upya miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita vipande vya bara la kale la Gondwana vilipogongana.

Mtu anaweza kupinga kwamba Athi, unakoanzia Sabaki, hupita kwenye lava changa za Nairobi, na Mto Tsavo huleta maji ya Kilimanjaro. Basi graniti inatoka wapi? Ni kweli, tope jingi huenda ni la lava. Lakini lava ikioza huwa udongo mwororo, na zirikoni yake ni haba. Chembe nzito za ufuoni zinahitaji miamba ya aina ya graniti. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Chembe ya zirikoni haifi upesi. Inaweza kuwa imelala kwanza katika mawe ya mchanga ya Duruma, Madagaska ikiwa bado imeshikamana na Afrika, kisha katika mchanga mwekundu wa Magarini, ule unaoonekana kwenye korongo la Marafa, ndipo ikafika baharini. Umri wake basi ni wa kuzaliwa, si wa kuwasili. Nakubali, na naona linaipa hoja nguvu: bara imekuwa ikishuka pwani tangu kabla pwani haijakuwapo.

Na haijaacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima bariamu, elementi inayosafiri na udongo, katika tumbawe la Malindi lenye takriban miaka 300. Kwa karne mbili kiwango kilikuwa cha chini, kisha kikapanda kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipotwaa ardhi na Wakamba wakabanwa kwenye hifadhi zao. Serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe kwa mmomonyoko huo (kana kwamba ng'ombe ndio waliojichorea mipaka) na ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Udongo uliozua ugomvi huo ulikuwa tayari njiani kuelekea Malindi, umechanganyika na zirikoni za mamia ya mamilioni ya miaka.