Habu za Mkono na Barabara Mbili za Kilosa

Tazama tairi la mbele la Land Rover ya zamani iliyoegeshwa Mikumi kando ya lami. Katikati yake mara nyingi utakuta kifuniko cha mviringo chenye swichi ya kuzungusha kwa vidole. Hiyo ndiyo habu ya mkono. Upande mmoja ni fri, upande wa pili ni loki.

Kifaa hiki kilianzia Marekani mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha, na Jeep za jeshi zilikuwa zikiuzwa kwa raia. Kwenye barabara kavu, hata dereva akitoa foo-wili, magurudumu ya mbele yaliendelea kuzungusha shafti, difu na propela bila kazi. Mafuta yaliliwa, vyuma vikalika. Arthur Warn akatengeneza habu inayotenganisha gurudumu na shafti yake. Mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam.

Kwa hiyo habu ya mkono ilitokana na barabara nzuri. Gari linaloshinda kwenye tope halina sababu ya kuwekwa fri.

Kilosa ilipata reli wakati wa Wajerumani, na kwa miaka mingi kazi ya lori ilikuwa kutoa mkonge shambani, Kimamba au Rudewa, na kuufikisha stesheni. Masika yakifika, udongo mweusi wa bonde la Mkata ulinasa kila kitu. Kisha Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru, Zambia ikabanwa upande wa kusini, na malori ya mafuta yakaanza kupita Mikumi kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Baadaye ikawekwa lami. Tangu hapo, gari linalotoka Morogoro kwenda Kilosa kupitia Mikumi hukutana na lami na tope katika safari moja.

Ndipo kubadili habu kukawa na maana. Fundi hufungua boliti za flanji mwishoni mwa shafti, hutoa klipu, hukagua kama meno ya shafti hayajalika, kisha huvisha habu yenye idadi ileile ya meno na kuifunga kwa gasketi mpya. Kwa Land Rover zilizokuja kuanzia 1983 zikiwa na foo-wili ya muda wote, hilo halitoshi: habu zikiwa fri na difu ya kati haijafungwa, nguvu yote hukimbilia mbele na gari halisogei.

Gharama nyingine humwangukia anayeshuka. Dereva akivuta gia ya foo-wili huku habu ziko fri, propela ya mbele huzunguka lakini matairi ya mbele hayavuti. Utingo lazima aingie kwenye tope, apapase swichi iliyozama, pande zote mbili. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hairuhusiwi kushuka garini ovyo, kwa kuwa simba na nyati wako huru.

Ndiyo maana dereva mzoefu hafungi habu akiwa tayari amekwama. Hufunga getini, au pale lami inapoishia, gari likiwa kwenye ardhi ngumu. Lami sasa imeshuka kutoka Dumila kupitia Rudewa, na mahali pa kusimama pamesogea. Bado lazima mtu ashuke, mapema, kabla hajaliona tope.