Mama Wachuuzi wa Kibombo: Historia ya Biashara Iliyolea Familia

Biashara ndogo ya Kibombo, mji wa reli ulioko kusini mwa Kindu katika jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa akina mama. Mafuta ya mawese, mchele, unga wa muhogo, samaki wa mto Lualaba, chumvi, sabuni na vikwembe hupita kwenye vikapu na meza zao kabla ya kufika jikoni. Historia ya biashara hiyo haitengani na historia ya ulezi, kwa kuwa fedha iliyonunua bidoni la mawese ndiyo pia iliyonunua daftari la mtoto na dawa ya mjukuu.

Mizizi yake ni mikongwe kuliko reli na kuliko dola ya kikoloni. Mpelelezi David Livingstone alipofika Nyangwe, ng'ambo ya Lualaba na si mbali na Kibombo ya leo, mwezi Machi 1871, alikuta soko kubwa ambalo wengi wa wauzaji na wanunuzi wake walikuwa wanawake. Wanawake wa bara walileta muhogo, mafuta, vyungu na kuku. Wale wa Wagenya, watu wa mtoni, walileta samaki. Aliandika kwamba hata wanaume wa vijiji viwili walipokuwa vitani, wake zao walipita na mizigo yao kutoka soko hadi soko bila kuguswa. Mwiko huo ulivunjwa tarehe 15 Julai 1871. Watu wa msafara wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi watu sokoni. Wengi waliuawa hapo hapo, na wengine wakazama walipojitupa mtoni. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake. Habari hizo zilipofika Uingereza zilitia nguvu madai ya kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873.

Enzi ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake tangu miaka ya 1870, iliacha vitu viwili vilivyodumu sokoni: lugha ya Kiswahili, ambayo Wakusu, wenyeji wa eneo hili, na jirani zao waliitumia kupatana bei, na kilimo cha mpunga. Majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yaliiteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Utawala ukabadilika, lakini mchele na Kiswahili vikabaki.

Mabadiliko makubwa ya Kibombo yenyewe yalikuja na reli. Kati ya Kindu na Kongolo Lualaba ina maporomoko yanayozuia meli, kwa hiyo kampuni ya reli ya CFL ilijenga njia ya kilomita 355 kuyakwepa, nayo ikakamilika mwishoni mwa 1910. Stesheni ilimpa mama mchuuzi mteja mpya: msafiri mwenye njaa na mfanyakazi mwenye mshahara. Mwaka 1956 njia hiyo iliunganishwa na reli za Katanga, na mchele na mawese ya Maniema yakapata njia ya moja kwa moja hadi miji ya migodi.

Hata hivyo, ukoloni haukumwachia mama nafasi pana. Kuanzia 1917 wanavijiji walilazimishwa kulima mazao yaliyoamriwa, hasa pamba na mpunga, kwa bei iliyopangwa na wengine. Sehemu kubwa ya kupalilia na kuvuna iliwaangukia wanawake, ingawa malipo mara nyingi yalipokewa na mume. Kikapu cha sokoni kikawa mahali ambapo mama angeweza kushika fedha aliyoipata mwenyewe.

Baada ya uhuru mzigo uliongezeka. Uamuzi wa Rais Mobutu wa tarehe 30 Novemba 1973 wa kuwapa wenyeji biashara za wageni uliacha maduka mengi ya bara matupu, na wachuuzi wakaziba pengo. Miaka ya 1990 serikali iliacha kuwalipa walimu ipasavyo, na wazazi wakabeba mishahara yao kwa michango. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 9,000. Aliyeweka noti ndani aliamka maskini. Aliyeweka akiba yake katika chumvi, mafuta au vikwembe aliokoa mtaji. Hekima hiyo mabinti waliirithi.

Vita vilivyozuka nchini mwaka 1998 viliikata reli, na treni haikurudi Kindu hadi 2004. Bidhaa zilisafiri kwa baiskeli, kwa mitumbwi na kichwani, katika njia ambazo wanawake waliporwa na kubakwa na watu wenye silaha. Waliendelea kwenda, kwa sababu bila wao watoto wasingekula. Wengi walilea pia mayatima wa ndugu zao, na bibi wengi wakawa mama kwa mara ya pili.

Mtaji wa biashara hii hujengwa kwa kuaminiana. Katika likelemba, kila mwanachama hutoa kiasi kilekile, na jumla humwendea mmoja kwa zamu: leo huyu anunue magunia ya mchele, kesho yule alipe karo au matibabu. Asiyetimiza zamu hupoteza jina lake, na jina likipotea, mkopo wa bidhaa hupotea nalo.

Kwa hiyo mama mchuuzi anapofariki, kilio chake hukusanya ukoo pamoja na wenzake wa sokoni, wateja na wanachama wa likelemba. Kwa Waislamu, walio wengi Maniema kuliko katika majimbo mengine ya Kongo, wanaomdai marehemu huitwa wajitokeze, na madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto, wa kike na wa kiume, robo tatu ya urithi, lakini mara nyingi ndugu wa ukoo huwatangulia kuuchukua. Sheria hiyohiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika shughuli nyingi za kisheria, sharti lililoondolewa na marekebisho ya mwaka 2016.

Palipo na makubaliano ya familia, binti au mjukuu aliyekaa na marehemu sokoni hushika meza yake. Huipokea pamoja na wateja waliozoea kipimo cha haki, nafasi katika likelemba, na wajibu wa kuwasomesha wadogo.