Hadithi ya /=

Ipe JavaScript namba 1500, iambie pesa ni KES na lugha ni sw-KE, na Intl.NumberFormat itakurudishia Ksh 1,500.00. Iko sawa. Ila sijawahi kuona mama mboga akiandika hivyo. Kwenye kadibodi yake utasoma 50/=, na hata mimi, niliyejifunza kuprogramu baada ya kuacha chuo, ankara zangu ni za /=.

Alama hiyo imeizidi umri shilingi yetu. Waingereza waligawa shilingi kwa peni 12, wakaandika 5/6, yaani shilingi 5 na peni 6. Peni zikikosekana, waliweka kistari: 5/-. Huku kwetu rupia iliondolewa 1920, ikaja florini, na 1921 florini nayo ikaipisha shilingi ya Afrika Mashariki. Thamani yake ilikuwa sawa na ile ya London, lakini iligawanywa kwa senti 100. Uingereza yenyewe ilingoja hadi Februari 1971 kuacha peni zake 12. Ati koloni ilitangulia kwa miaka 50! Sh. 5/50 ikawa shilingi tano na senti hamsini, na kistari kikabaki kusema hakuna senti. Madukani kikawa viwili.

Kwa hivyo /= na .00 zinasema kitu kimoja, ila moja tu ndiyo imo kwenye jedwali. Jedwali lenyewe huitwa CLDR, hutunzwa na Unicode, na ndilo programu nyingi husoma zikitaka kujua kila nchi huandikaje pesa. Ujerumani wana 1.500,00 €. India wana ₹1,00,000.00, koma ikifuata laki yao. Sisi neno laki tulilichukua, koma tukawaachia.

Si mambo ya urembo tu. Mteja wangu mmoja mwenye duka la mbao alizikataa risiti za .00. Karatasi ikififia, nukta na koma hupotea, na elfu moja mia tano inasomeka laki moja na nusu. Jaribu kumweleza fundi hivyo jioni.

Unicode hupokea masahihisho kwa awamu, na hoja ya /= ningeitetea bila aibu. Kwa sasa duka la mbao linatumia hii:

bei.toLocaleString('sw-KE') + '/='