Paka Hakubali Kulala Chali

Wazee wetu wa pwani wana methali isemayo kwamba paka hakubali kulala chali. Kwa miaka mingi niliwaeleza wanafunzi wangu kuwa maana yake ni kwamba kila kiumbe hukataa kuwekwa mahali asipoweza kujitetea. Wao wakaandika katika madaftari yao, nami nikaweka alama ya vema. Lakini sikuwahi, hata siku moja, kumtazama paka mwenyewe na kujiuliza kwa nini hakubali.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nikafundisha, baadaye nikawa mwalimu mkuu, na sasa nimevuka umri wa miaka 70. Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na paka dume, wa rangi ya majivu, ambaye mke wangu alimpa jina la Karani kwa sababu alipenda kulala juu ya makaratasi yangu. Habari ninayotaka kusimulia ni ya Karani, lakini pia ni ya historia ndefu iliyomtangulia, na ambayo laiti ningeijua mapema, huenda angeishi zaidi.

Mwaka 2014 ilitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa na paka. Nikafanya kama nilivyoona watu wakifanya tangu zamani: nikamtia Karani katika gunia, nikafunga mdomo wake kwa kamba, tukapanda daladala. Njia nzima alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata abiria mmoja akauliza kama nimebeba mtoto. Tulipofika kwa daktari wa mifugo tulikuta mbwa watatu barazani wakibweka. Tulingoja kwa muda mrefu, gunia likiwa sakafuni karibu na mbwa hao. Zamu yetu ilipofika, gunia lilipinduliwa, Karani akadondoka juu ya meza, na kabla hajajua yuko wapi akashikwa ngozi ya shingo na kukandamizwa.

Msomaji anaweza kukisia yaliyofuata. Mke wangu alitoka na mikwaruzo mirefu mkononi, na mhudumu naye alitoka damu.

“Mzee, huyu paka wako mkorofi,” niliambiwa mbele ya watu. “Siku nyingine mfunge vizuri.”

Nikaomba radhi. Mimi, niliyewaambia wazazi wengi maneno kama hayo juu ya watoto wao, sasa nilisimama upande wa pili wa meza nikiona haya.

Miaka miwili baadaye Karani alianza kuchuchumaa mchangani uani mara kwa mara, akilia, pasipo kitu kutoka. Tulidhani amefunga choo. Mke wangu akaniambia, “Mwalimu, huyu si wa kungojea kesho.” Nikamjibu kwamba tungoje. Nilisema nauli imepanda, nilisema mvua inakuja, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kurudi kule nikaaibike tena. Siku ya tatu, alfajiri, tulimkuta chini ya kitanda, amekwisha kufa.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa akisomea udaktari wa mifugo huko Morogoro, alipokuja likizo nilimsimulia. Alieleza kwamba paka dume huweza kuzibwa njia ya mkojo, na kwamba akizibwa kabisa hufa katika siku chache. Anayewahishwa, daktari humpitishia mrija mwembamba, na wengi hupona.

“Sasa babu, kwa nini hamkumpeleka?”

“Alikuwa mkorofi sana, mjukuu wangu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa heshima, “Hakuwa mkorofi, babu. Alikuwa anaogopa.”

Neno hilo lilinikaa moyoni. Nikaanza kusoma, na kila alipokuja likizo nikamwomba aniletee maandishi na kunieleza nisiyoyaelewa. Haya ndiyo niliyojifunza.

Paka wetu wote wa nyumbani, kuanzia wa Tanga hadi wa London, ni uzao wa paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Wataalamu wa nasaba za wanyama walilithibitisha jambo hilo mwaka 2007. Ndugu za paka pori huyo wangali katika mbuga zetu hapa Tanzania, na baadhi ya watu humwita kimburu. Ni mnyama anayewinda peke yake. Mbwa, ambaye asili yake ni mbwa mwitu wa kundi, huweza kupelekwa mahali pageni akamtazama bwana wake usoni na kutulia. Paka hana kundi la kumtegemea, tegemeo lake ni mahali anapopajua: pembe za nyumba, harufu za mkeka, njia ya kukimbilia. Ukimtoa hapo, umemnyang'anya ngao yake yote kwa mara moja.

Tena paka ni mwindaji mdogo, ambaye naye huwindwa na wakubwa zaidi. Mnyama wa namna hiyo hafaidiki kwa kuonyesha udhaifu. Kwa hiyo paka mgonjwa hujificha, hunyamaza, hupunguza kula kidogo kidogo, na mwenye paka huona jambo wakati limekwisha kuwa kubwa. Ndiyo maana kuchelewa kwangu kwa siku tatu kulikuwa kuchelewa kwa siku nyingi zaidi.

Historia yasema kwamba hatukumfuga paka kwa kamba kama tulivyomfuga ng'ombe. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Alijileta mwenyewe. Katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu, na karibu yake mifupa ya paka aliyezikwa mzima. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004, na kaburi lenyewe lina umri wa miaka ipatayo 9,500. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wake wa asili, hivyo lazima paka waliletwa kwa chombo. Kumbe watu wanasafirisha paka tangu enzi hizo!

Misri ya kale ilimpa paka heshima kubwa kuliko nchi yoyote. Mji wa Bubastis ulikuwa na hekalu la Bastet, mungu wao wa kike aliyechorwa na kichwa cha paka. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kwamba paka alipokufa nyumbani, watu wa nyumba hiyo walinyoa nyusi zao kwa msiba. Lakini heshima za wanadamu hazidumu. Mwaka 1890 shehena ya maiti za paka zilizokaushwa, zikadiriwazo kufikia 180,000, ilisafirishwa kutoka Misri hadi Liverpool, Uingereza, ikauzwa kwa mnada ili isagwe iwe mbolea ya mashamba.

Kwetu pwani, dini ya Kiislamu ilimpa paka nafasi yake. Waislamu hufundishwa kwamba maji aliyoyanywa paka hayawi najisi kwa ajili hiyo, kwa maana yeye ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Na wengi wetu tulisimuliwa utotoni hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, wala kumwacha ajitafutie. Nami nililelewa kwa mafundisho hayo. Hata hivyo nilimtia Karani katika gunia, na moyo wangu haukunisuta.

Kwa nini basi wasomi wa tiba, ambao walijua mengi, nao walichelewa kumwelewa paka? Hapa historia inatoa jibu lililo wazi. Shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama huko Ulaya iliasisiwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Bourgelat alikuwa bingwa wa farasi, na serikali ilitaka pia dawa ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Chuo cha London kilipoanzishwa mwaka 1791, farasi ndiye aliyekuwa mgonjwa mkuu, kwa sababu farasi alivuta mizigo na kubeba askari. Paka hakuvuta kitu.

Kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwa hiyo hiyo, tena kwa sababu nzito zaidi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza mifugo ya wafugaji wetu, na njaa ikafuata. Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Baada ya uhuru, mafunzo ya udaktari wa mifugo ya ngazi ya chuo kikuu yalianza Morogoro mwaka 1976. Kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Nani atalaumu kwamba ng'ombe alitangulizwa? Bwana mifugo wa utoto wangu alijua kumbana fahali na kumchoma sindano kabla hujahesabu kumi. Lakini ustadi wa kumbana fahali ukihamishiwa kwa paka huzaa yale yaliyompata Karani.

Wapo waliogundua kosa hilo mapema. Huko New York, Marekani, alikuwako daktari aitwaye Louis Camuti, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1981, ambaye aliamua kuwatibu paka tu. Kwa miongo mingi aliwafuata wagonjwa wake majumbani mwao. Mwaka 1980 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, na jina la kitabu hicho lasema kwamba wagonjwa wake wote wako chini ya kitanda. Niliposoma hivyo nilicheka, kisha nikakumbuka mahali tulipomkuta Karani, kicheko kikakatika.

Mwaka 1958 ilianzishwa Uingereza jumuiya ya kuchunguza afya ya paka, na mwaka 1971 madaktari wa paka wa Marekani wakaunda chama chao. Mwaka 2011 vyama vya wataalamu hao vilitoa mwongozo wa namna ya kumshika paka kwa wema. Nilishangaa kuona kwamba mengi yaliyomo hayahitaji fedha, yanahitaji subira tu.

Kwanza, chombo cha kumbebea paka kisiwe kitu cha siku ya balaa. Kikae nyumbani, wazi, chenye kitambaa alichozoea kulalia, mpaka akione kama chumba chake. Njiani kifunikwe kwa kanga au taulo. Kwa daktari kisiwekwe sakafuni mbele ya mbwa, kiinuliwe juu ya kiti au meza. Daktari asimpindue paka wala kumvuta. Afungue, azungumze na mwenye paka, ampe paka nafasi ya kutoka mwenyewe. Akikataa, kifuniko kiondolewe apimwe akiwa amekaa humo humo. Kumshika ngozi ya shingo, ambako zamani kulihesabiwa ufundi, sasa wataalamu wanakukataza. Taulo laini huweza kufanya kazi iliyofanywa na mikono miwili yenye nguvu.

Jambo la mwisho linamhusu mwenye paka. Anapofika kwa daktari huwa amekwisha kupambana na mnyama wake nyumbani, amekwaruzwa, ametazamwa na abiria, tena ana hofu ya gharama. Akiulizwa kwa upole, atasema yote: lini paka aliacha kula, anachuchumaa mara ngapi, analala wapi. Akikaripiwa, atajibu kwa mkato na kuondoka. Na pengine hatarudi. Hilo ndilo hasara kubwa, kwa kuwa halionekani. Daktari hahesabu wagonjwa ambao hawakuletwa.

Mpenzi msomaji, nimeeleza haya bila nia ya kumshitaki mhudumu yule. Alifanya alivyofundishwa. Nami katika ofisi yangu niliwahi kuletewa watoto wameshikwa masikio. Aliyenyamaza nilimwita jeuri, na aliyelia nilimwita mdekaji. Wazazi wao wakasimama mlangoni, na wengine hawakuja tena shuleni mpaka watoto walipomaliza. Niliandika katika ripoti kwamba wazazi wa eneo hili hawana mwamko. Leo ningependa kuisoma upya ripoti hiyo.

Sasa tuna paka mwingine, jike, mwenye mabaka meusi na meupe. Sebuleni kwetu kuna tenga lenye kifuniko, lililooshwa vizuri na kuanikwa likaacha kunuka kuku, na ndani yake imetandikwa kanga kuukuu ya mke wangu. Wageni huuliza kwa nini tunaweka tenga mahali pa kiti. Paka hulala humo kila mchana.

Mwezi uliopita tulimpeleka kuchanjwa. Tulichagua asubuhi na mapema kabla mbwa hawajajaa, tenga likawa magotini mwangu, limefunikwa. Daktari, kijana ambaye sikumfahamu, alitaka kulifungua na kutia mkono. Nikamwomba, “Mwanangu, tafadhali mngoje kidogo.” Akanitazama, kisha akavuta kiti, akakaa, akaniuliza habari zake. Tukazungumza. Baada ya dakika chache paka alitoa kichwa, akanusa meza, akachomwa sindano akiwa amesimama kwa miguu yake minne.